Stesheni Mbili za Mombasa: Kwa Nini Treni ya Nairobi Haifiki Tena Kisiwani

Mgeni anayeshuka basi Mwembe Tayari na kumwambia mwenye tuktuk ampeleke stesheni hujibiwa kwa swali: ya zamani au ya Miritini? Ya zamani iko mwendo mfupi kwa miguu kutoka hapo, mwisho wa barabara ya Haile Selassie, katikati ya kisiwa, nayo tangu mwaka 2017 haijapokea treni ya abiria kutoka Nairobi. Ya Miritini, ambayo kwenye tikiti huandikwa kwa jina la Mombasa, iko ng'ambo ya mlango wa bahari wa Makupa, zaidi ya kilomita 10 kutoka mjini, na msafiri asiyejua hilo anaweza kuiona treni yake ikiondoka angali amekwama kwenye foleni ya malori Changamwe. Watu wengi hulichukulia jambo hili kama kosa la wapangaji waliosahau kwamba abiria wanakaa mjini. Ukiifuata historia ya reli hii tangu mwanzo utaona kwamba hakuna aliyesahau kitu. Reli ya Mombasa ilijengwa kwa ajili ya bandari na nchi za nyuma yake, na mahali pa stesheni pamekuwa pakiamuliwa na mahitaji ya mzigo na ya ardhi kabla ya mahitaji ya mtu mwenye begi na watoto wawili.

Kwa hakika, reli ya kwanza iliyowahudumia watu ndani ya mji huu haikuwa na injini. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888 na kuikodi pwani hii kutoka kwa Sultani wa Zanzibar, ilianza mwaka 1890 kutandika reli nyembamba yenye upana wa inchi 24, yaani takriban sentimita 61, kwa nia ya kuelekea bara hadi Ziwa Victoria. Fedha zikapungua, na kazi ikaachwa baada ya maili chache. Vyuma vilivyobaki vikatandikwa kisiwani, baina ya Mji wa Kale na Kilindini, na juu yake yakapita matoroli madogo yenye viti na paa la turubai, yakisukumwa na vijana waliokimbia nyuma yake. Maofisa wa serikali na matajiri walikuwa na matoroli yao binafsi, na nyumba kubwa zilikuwa na njia yao ya pembeni iliyoingia hadi mlangoni, kama ambavyo leo nyumba huwa na mahali pa kuegesha gari. Matoroli hayo yaliendelea kutumika kwa miaka mingi mpaka magari ya mota yalipozidi kuwa mengi. Anayeitembea Ndia Kuu, njia ya Mji wa Kale, leo hapati alama yoyote ya kumwonyesha kwamba palikuwa na reli pale.

Reli kubwa ilianza baada ya serikali ya Uingereza yenyewe kuichukua nchi kutoka mikononi mwa kampuni ile mwaka 1895. Mhandisi mkuu, George Whitehouse, alifika Mombasa mwezi Desemba mwaka huohuo, na ujenzi ukaanza mwaka 1896. Jina rasmi lilikuwa Reli ya Uganda, jina ambalo huwachanganya wasomaji wa sasa, kwa kuwa mradi wote, kutoka Kilindini hadi Kisumu, uko ndani ya nchi iitwayo Kenya. Wakati ule, hata hivyo, mipaka ilikuwa mingine: Kisumu na eneo lote la magharibi lilihesabiwa kuwa mkoa wa mashariki wa Uganda, na lilihamishiwa upande wa Kenya mwaka 1902, reli ikiwa imekwisha kufika. Hivyo reli ilifika Uganda kwa halali, kisha Uganda ikasogezwa.

Tatizo la kwanza lilikuwa maji. Mombasa ni kisiwa, na bandari yenye kina kirefu, Kilindini, iko upande wake wa magharibi, kwa hiyo treni haikuweza kutoka bandarini bila kuuvuka mlango wa bahari wa Makupa. Wahandisi walijenga kwanza daraja la muda la mbao, kisha wakaweka la chuma lililoitwa kwa jina la Salisbury, waziri mkuu wa Uingereza wa wakati huo, na miaka mingi baadaye pakajazwa tuta la mawe na udongo lililopitisha barabara pia. Jambo hili la Makupa lafaa kukumbukwa, kwa sababu litarudi: kila kitu kinachotaka kuingia kisiwani kwa magurudumu kutoka upande wa Nairobi lazima kipite kwenye shingo hiyo moja.

Tatizo la pili lilikuwa upana. Wataalamu wa kamati ya London walipendekeza awali upana wa futi tatu na inchi sita, uliokuwa ukitumika kusini mwa Afrika, lakini mwishowe ukachaguliwa upana wa mita moja, kwa sababu India ilikuwa na maelfu ya kilomita za reli ya aina hiyo, pamoja na vichwa vya treni, mabehewa na mafundi walioizoea. Uamuzi huo ulipunguza gharama na kuharakisha kazi. Ndio pia uliofanya Kenya na Uganda ziwe na reli ya mita kwa zaidi ya karne moja, na ndio uliofanya pawe na haja ya stesheni ya pili ilipotakiwa reli pana zaidi, kwa maana magurudumu ya treni yamekazwa kwenye ekseli kwa umbali usiobadilika, na behewa lililoundwa kwa reli moja haliwezi kupita juu ya nyingine bila kubadilishiwa magurudumu.

Pamoja na mabehewa walikuja watu. Vibarua 31,983 waliletwa kutoka India, wengi wao Wapunjabi waliopandia meli Karachi, na katika hao 2,493 walikufa kwa malaria, kuhara damu, ajali na mengineyo. Ni karibu watu watatu kwa kila kilomita ya reli iliyofika ziwani. Hesabu hizo ni za Wahindi peke yao. Simba wawili wa Tsavo, waliosumbua kambi ya wajenzi wa daraja mwaka 1898 hadi walipouawa na mhandisi John Patterson mwezi Desemba, wamepata umaarufu usiolingana na idadi ya waliowala, kwa kuwa maradhi na uchovu viliua watu mara nyingi zaidi bila kuandikiwa hadithi. Wahindi 6,724 walichagua kubaki baada ya mikataba yao kwisha. Lugha yetu ilipokea sehemu ya urithi huo: neno gari lilitoka ng'ambo hiyo ya Bahari ya Hindi, na Mswahili akaongeza moshi akapata gari la moshi, jina ambalo limeendelea kutumika hata baada ya dizeli kuuondoa moshi wenyewe.

Treni ilifika mahali paitwapo Nairobi mwezi Mei 1899, na Kisumu tarehe 20 Desemba 1901, baada ya kilomita 937 na gharama ya takriban pauni milioni 5.5. Kwa Mombasa matokeo yalikuwa ya pande mbili. Misafara ya wapagazi, ambayo kila mtu wake alibeba kiasi cha frasila mbili, yaani zaidi kidogo ya kilo 30, kichwani na kuchukua miezi kufika Uganda, ilikosa kazi katika muda mfupi sana, na pamoja nayo biashara ya wale waliowakodisha na kuwalisha wapagazi hao pwani. Wakati huohuo bandari ilipata shughuli ambazo haikupata kuziona. Lakini ofisi kuu ya reli ilihamia Nairobi mwaka 1899, na makao makuu ya serikali yakafuata mwaka 1905. Stesheni ya Mombasa ikawa mlango ambao mamlaka yalitokea kwenda bara, na ambao pamba na kahawa ya bara iliingilia kwenda melini. Mwamba ngoma, wasema wahenga, huvutia ngozi kwake. Na aliyeiwamba hii alikuwa London, mkono wake mmoja ukiwa Kilindini na wa pili Ziwa Victoria.

Hatua zilizofuata zaweza kuelezwa kwa haraka. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia jeshi la Uingereza lilijenga tawi kutoka Voi kupitia Taveta, likaungana na reli ya Wajerumani ya Tanga karibu na Kahe mwaka 1916, na tangu hapo abiria aliweza kutoka Mombasa hadi Moshi kwa reli. Katika miaka ya 1920 gati za kwanza za kina kirefu zilifunguliwa Kilindini, meli zikaacha kupakuliwa kwa matishari peke yake, na bandari ikawekwa chini ya shirika lilelile la reli. Mwaka 1931 reli ilifika Kampala. Mwaka 1948 shirika la Kenya na Uganda liliunganishwa na la Tanganyika kuwa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Kwa msomaji wa leo, aliyezoea kuona bandari na reli zikigombana magazetini, ni vyema kujua kwamba kwa karibu nusu karne zilikuwa ofisi moja yenye hesabu moja, na kwamba zilitenganishwa mwaka 1969 tu, bandari ikapewa makao makuu Dar es Salaam na reli ikabaki Nairobi.

Wafanyakazi wa shirika hilo walikuwa miongoni mwa nguvu kubwa za kisiasa mjini. Mgomo mkuu wa Januari 1947, uliosimamisha Mombasa kwa karibu wiki mbili, uliwaunganisha wapakuzi wa bandarini, watumishi wa reli, wafanyakazi wa hoteli na hata watumishi wa majumbani, na kutokana nao likatokea shirikisho la wafanyakazi Waafrika lililoongozwa na Chege Kibachia. Madai yalikuwa ya kawaida kabisa: mshahara na nyumba. Treni ilikuwa na madaraja matatu, na ingawa bei ndiyo iliyotajwa kuwa kigezo, kila mtu alijua rangi gani ilikaa daraja lipi. Mtu aliyesimama stesheni ya Mombasa jioni ya miaka hiyo angeweza kuusoma utaratibu mzima wa ukoloni kwa kutembea kutoka behewa la mbele hadi la nyuma.

Wapenzi wa mitambo, kwa upande wao, huikumbuka stesheni hii kwa jambo jingine. Mwaka 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester kilileta vichwa 34 vya mvuke vya aina ya Garratt, vilivyoitwa kundi la 59, kila kimoja kikiwa na uzito wa takriban tani 250 na jina la mlima wa Afrika Mashariki, ili kuvuta mizigo kutoka usawa wa bahari hadi nyanda za juu. Vilihesabiwa kuwa vyenye nguvu kuliko vyote vilivyopata kupita juu ya reli ya mita duniani. Vilistaafishwa kufikia mwaka 1980, na kimojawapo, Mount Gelai, kimehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mabehewa na vichwa viligawanywa, na Shirika la Reli la Kenya likaundwa mwaka 1978. Stesheni ya kisiwani iliendelea na kazi yake iliyojulikana zaidi, treni ya usiku. Iliondoka jioni na kufika asubuhi baada ya saa 13 au zaidi. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walipata vitanda na matandiko, na mhudumu alipita kwenye ujia akigonga kengele kuita watu kwenye behewa la chakula. Watalii waliipenda. Wenyeji waliipenda pia, ila kwa subira zaidi, kwa maana kadiri miaka ilivyopita ndivyo saa ya kufika ilivyozidi kuwa makisio. Njia ilichakaa, na ajali zikatokea, mbaya zaidi ikiwa ile ya Januari 1993, pale daraja la mto Ngai Ndethya liliposombwa na mafuriko na treni iliyokuwa ikielekea Mombasa ikatumbukia, wakafa watu zaidi ya 100. Mwaka 2006 reli ilikodishwa kwa kampuni binafsi, Rift Valley Railways, kwa mkataba uliokusudiwa kudumu miaka 25, nao ulivunjwa mwaka 2017. Mizigo mingi ilikuwa imekwisha kuhamia barabarani.

Hapo ndipo ilipoingia reli ya kisasa, ambayo kila mtu huiita SGR, kifupi cha Kiingereza cha Standard Gauge Railway, yaani reli ya upana sanifu. Swali ambalo huulizwa sana ni kwa nini reli ya zamani haikutengenezwa tu. Jibu la kihandisi ni kwamba reli ya mwaka 1896 ilifuata umbo la ardhi ili kuepuka gharama ya kukata vilima na kujenga madaraja marefu, kwa hiyo ilikuwa na kona kali na miinuko mingi, na kuifanya nzito na ya kasi kungehitaji kuihamisha karibu yote. Njia mpya, yenye upana wa milimita 1,435, ilikata moja kwa moja: kutoka takriban kilomita 530 za njia ya zamani baina ya Mombasa na Nairobi zikawa 472, ikiruka mabonde juu ya nguzo na kupita Tsavo juu ya matuta yenye vichochoro vya kupitishia tembo chini yake. Treni ya abiria huenda hadi kilomita 120 kwa saa na ya mizigo hadi 80. Jibu la kifedha ni refu zaidi na lina wakosoaji wengi. Mradi uligharimu takriban shilingi bilioni 327, asilimia 90 yake ikiwa mikopo ya benki ya Exim ya China, na mjenzi alikuwa kampuni ya China iitwayo China Road and Bridge Corporation. Wapo waliosema, na wanasema bado, kwamba fedha hizo zingeweza kuikarabati reli ya mita na kubakisha chenji nyingi.

Kuhusu Miritini, sababu zake zaonekana kwa mtu yeyote anayesimama Makupa na kutazama. Kupeleka reli pana kisiwani kungehitaji daraja jipya juu ya mlango uleule wa bahari, kisha njia pana ndani ya mji uliojaa majumba, na uwanja mrefu wa mabehewa mahali ambapo kila kipande cha ardhi kina mwenyewe, na pengine wenyewe wawili. Bandari, kwa upande mwingine, ilikuwa imekwisha kujaa kisiwani na kupanuka hadi ng'ambo, pande za Port Reitz, kwa hiyo tawi la mizigo liliweza kuifikia bila kuvuka. Mzigo ukapata njia yake hadi kwenye gati. Abiria akajengewa jengo zuri, lenye mizingo inayozunguka mnara wa katikati kama mawimbi ya maji yaliyoangukiwa na tone, akaachiwa kazi ya kulifikia. Treni ya mwisho ya usiku baina ya Nairobi na stesheni ya zamani ilikwenda mwishoni mwa Aprili 2017. Reli mpya ilizinduliwa na Rais Uhuru Kenyatta tarehe 31 Mei, mkesha wa sikukuu ya Madaraka, na ndiyo maana treni ikaitwa Madaraka Express.

Sasa tuingie katika huduma zenyewe, kwa kuwa hapo ndipo wasafiri wengi hukwama. Zipo safari za aina tatu kila siku, kwa pande zote mbili. Ya asubuhi husimama katika stesheni zote za njiani, yaani Mariakani, Miaseny, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River, na huchukua takriban saa sita. Ya alasiri na ya usiku ni za haraka na huchukua takriban saa tano au zaidi kidogo. Anayekwenda Voi kuingia mbugani, au Kibwezi kwa ndugu zake, ataangalia kwanza ile ya asubuhi. Ratiba hubadilishwa mara kwa mara, hasa wakati wa sikukuu, na ni busara kuithibitisha kabla ya kununua.

Yupo mtego mmoja wa lugha ambao nimeona ukiwapata watu wazima wenye akili zao. Tikiti huandikwa kwa saa za Kizungu: 08:00 ni saa mbili asubuhi, na 22:00 ni saa nne usiku. Anayemsomea mzazi wake tikiti kwa simu na kumtajia "saa nane" amemkosesha treni. Afadhali kutaja saa na kipindi cha siku pamoja, kisha kumwambia awe amefika stesheni saa nzima kabla, kwa sababu lango hufungwa mapema na ukaguzi ni mrefu: mizigo hupangwa chini kwa mstari ili mbwa wainuse, hupitishwa kwenye mashine, na abiria hukaguliwa zaidi ya mara moja kabla ya kufika ukumbini. Visu, hata vile vya jikoni vilivyonunuliwa kama zawadi, havipiti.

Tikiti hununuliwa kwa simu kupitia *639#, kwenye tovuti ya shirika, au dirishani, na malipo ya simu ni kwa M-Pesa. Kila tikiti hubeba jina na namba ya kitambulisho au pasipoti ya msafiri, kwa hiyo huwezi kumpa jirani tikiti yako ukiahirisha safari. Nauli ya safari nzima ilianza kwa shilingi 700 daraja la kawaida, ikapanda hadi 1,000, na tangu Januari 2024 imekuwa 1,500. Daraja la kwanza lilipanda wakati huohuo kutoka 3,000 hadi 4,500. Watoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Wikendi na mwezi Desemba viti huisha siku nyingi kabla, na anayekuja kisiwani kwa harusi afanye kazi hiyo kabla ya kushona nguo.

Kutoka Miritini hadi mjini kuna matatu, tuktuk, bodaboda na teksi, na wote hao hupita Changamwe na Makupa. Daraja jipya la Makupa, lililofunguliwa mwaka 2022 ili kuondoa lile tuta la zamani na kuyarudishia maji njia yake, limepunguza msongamano kwa kiasi, ingawa malori ya makontena yangali yanatumia barabara ileile. Kwa anayekwenda Likoni, Diani au Msambweni hali ni nzuri zaidi kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa barabara ya Dongo Kundu huanzia upande huohuo wa Miritini na kufika pwani ya kusini bila kugusa kisiwa wala feri. Kwake yeye stesheni iko mahali panapofaa kabisa. Anayekwenda Nyali, Kisauni au Mtwapa ndiye anayeumia, maana hulazimika kukivuka kisiwa chote au kukizunguka. Upande wa Nairobi tatizo ni lilelile, kwa kuwa stesheni ya huko iko Syokimau, lakini pale ipo treni ya reli ya mita inayowapokea abiria na kuwafikisha katikati ya jiji, huduma ambayo huondoa nusu ya lawama.

Abiria ni wengi, zaidi ya milioni 2 kwa mwaka, lakini si wao waliokusudiwa kuulipa mkopo. Mwaka 2013 ulianzishwa ushuru wa maendeleo ya reli wa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingizwa nchini, na mamlaka ya bandari ikatia sahihi mkataba wa kuihakikishia reli kiasi fulani cha mzigo kila mwaka, na kufidia pengo endapo mzigo huo haukupatikana. Mkataba huo ndio ufunguo wa ugomvi uliofuata. Reli ya mizigo ilianza Januari 2018, wafanyabiashara wengi wakaendelea kupenda malori, na mwezi Agosti 2019 serikali ikaamuru makontena ya bidhaa zinazoingizwa yasafirishwe kwa SGR hadi bandari kavu ya Nairobi na kutolewa ushuru huko. Mombasa ikalipuka kwa maandamano ya kila Jumatatu. Hawakuandamana wenye malori peke yao. Waliandamana mawakala wa forodha, wafanyakazi wa yadi za makontena, mafundi wa gereji, na mama lishe wa Changamwe, Jomvu na Mariakani, ambao riziki yao hutegemea dereva anayesimama kula. Amri ilisitishwa Oktoba 2019, na mwezi Septemba 2022 Rais William Ruto, siku alipoapishwa, alitangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudishwa Mombasa.

Ugomvi huo wa makontena na malalamiko ya abiria kuhusu Miritini kwa kawaida hujadiliwa na watu tofauti, katika mikutano tofauti. Asili yao ni moja. Reli iliyopangwa kuupitisha mzigo juu ya kichwa cha mji hadi Nairobi haina sababu ya kuingia mjini, na mji usiopata mzigo wala abiria hubaki na foleni tu.

Stesheni ya zamani ingalipo mwisho wa Haile Selassie, na Shirika la Reli limekuwa na mradi wa kuifufua reli ya mita baina yake na Miritini, ikiwa na daraja lake la Makupa, ili abiria wa SGR waingie na kutoka kisiwani kwa treni kama wenzao wa Syokimau. Ratiba ya treni kama hizo haina budi kufuatana na ile ya Madaraka Express, pamoja na kuwangojea wanaofika usiku wa manane, saa ambayo matatu ni chache na mwenye teksi hutaja bei aipendayo.